Mama Hakuruhusiwa Kuingia Kwenye Mchezo

Kaka yangu mkubwa ni mfanyabiashara wa Butembo, na mfanyabiashara wa Butembo anaamini vitu viwili: Mungu, na plastiki ambayo haijachanwa. Kitu kikimfikia kimefungwa kama kilivyotoka kiwandani, ni kizuri. Kikishafunguliwa na mtu mwingine, hata kama ni kilekile, basi kimeoza. Kwa imani hiyo alimnunulia baba kompyuta mpya, na ndani yake mchezo wa kuendesha malori, uliolipiwa kwenye duka lililomo humohumo ndani ya kompyuta. Aliiteremsha Beni mwenyewe, hadi kwetu mtaa wa Bungulu, akaikabidhi kana kwamba anamkabidhi baba parokia.

“Iko originale, papa,” alisema. “Hapana mutu hata moja aliigusa.”

Hilo la mwisho lilikuwa kweli kuliko alivyojua.

Baba alikuwa dereva wa lori. Alibeba viazi na maharagi kutoka Musienene, akapita Butembo, akateremka mpaka Beni, hadi siku nyonga yake ilipokataa. Barabara yenyewe nayo, siku hizi mtu huifikiria mara mbili. Kwa hiyo, kabla ya zawadi ya kaka, alikuwa akiendesha mezani, kwenye kompyuta yangu ya zamani, na usukani wa plastiki, kila mchana akishakula. Hakuendesha zile barabara za Ulaya zilizokuja na mchezo. Wanafunzi fulani wa Butembo walitengeneza nyongeza, yaani mafaili unayoyatia ndani ya folda ya mchezo, na ukiuwasha unakuta barabara yetu: tope, vilima, mbuzi, hata kizuizi na kamba yake.

Kwenye soko la Musienene niliongeza kitu changu. Nilichukua picha ya marehemu mama, aliyeuza maharagi pale miaka yote ya ndoa yake, nikamsimamisha mahali pake, nyuma ya beseni. Vipimo vilinishinda, akatoka mfupi na mpana kuliko alivyokuwa. Baba alimtazama sana.

“Njo yeye kabisa,” akasema, yaani ndiye hasa.

Tangu hapo, kila akifika pale alipunguza mwendo, akapiga klaksoni, akaendelea na safari. Sikuwahi kumwona baba akilia kaburini. Kwenye lile soko la kioo nilimwona anafurahi, na hilo lilinitosha.

Kisha umeme ukapanda ghafla, kompyuta yangu ikatoa moshi, na hiyo ikawa mwisho wake; ndipo kaka alipoleta ile mpya. Nyongeza zote nilikuwa nimezihifadhi kwenye flashi. Kilichobaki, nilidhani, ni kumhamisha mama kutoka flashi hadi kwenye ile mashine ya kaka.

Kwetu lori likitoka bandarini halipandi mlima kabla ya kupita kwa wachomeleaji. Linaongezewa springi, linarefushwa bodi, linaandikwa jina la mtakatifu, na hakuna anayemwomba ruhusa aliyelitengeneza. Mchezo wangu wa zamani nao ulikuwa hivyo: folda wazi, unaingia, unatoa, unatia. Mchezo wa kaka ulikuwa uleule, malori yaleyale, kampuni ileile, ila duka lilikuwa limeufunga katika kifurushi cha aina yake. Mafaili yake yamefichwa, na mchezo hauamki ukikuta ndani yake kitu ambacho duka halikukitia saini. Nilipojaribu kuifungua folda, nikaambiwa sina ruhusa, nimwone msimamizi wa kompyuta. Msimamizi nilikuwa mimi. Nikajiomba ruhusa, nikajipa, nikakataliwa.

Nikaliandikia duka. Jibu lilikuja kwa Kifaransa chenye manukato: yaliyomo yamefungwa kwa ajili ya usalama wetu. Usalama wetu! Watu wa Beni wameahidiwa usalama na wakubwa wa kila namna, na huyu ndiye wa kwanza niliyemwona akiutekeleza, tena dhidi ya mama yangu. Nilicheka, halafu nikakasirika.

Baba, kwa adabu, alikubali kuendesha Ulaya. Lami nyeusi, mistari myeupe, hakuna mtu.

“Sasa batu ba huku banakulaka wapi?” aliniuliza. “Hata mbuzi haiko.”

Tatizo ni kwamba kaka, kwa simu yake kule Butembo, aliweza kuona saa ambazo baba amecheza, na alizitangaza kwa wafanyabiashara wenzake baada ya misa. Baba hakutaka kumwaibisha. Kwa hiyo aliuwasha mchezo, akaegesha lori kwenye kituo cha mafuta mahali fulani Ujerumani, akaenda kukaa mlangoni na chai yake. Kaka alipiga simu kusifu bidii yake. Baba alimshukuru kwa lugha yetu, “Wasingya, mutoto wangu,” huku mgongo wake umeielekea kompyuta.

Nilivumilia hayo mpaka siku nilipomwona anakunywa chai huku vidole vyake vinabonyeza hewani, pale usukani ungekuwa. Nikaununua mchezo uleule mara ya pili, kwa muuzaji mwingine anayeutoa ukiwa folda wazi. Nikatia flashi. Barabara ikaingia, mbuzi wakaingia, na mama akaingia na beseni lake, bila kuulizwa na mtu. Mchezo wa kaka ukabaki Ujerumani, injini imezimwa.

Kaka aliona saa zimesimama. Jumapili moja akatokea Bungulu bila taarifa, na viatu vyake vya kanisani, akamkuta baba yuko katikati ya tope.

“Leki, ulifungua machine?” akanigeukia mimi mdogo wake. “Mi naletaka kitu propre, safi kabisa, we unatiamo bya barabarani?”

“Yaya, ikaa kwanza,” nikamwambia mkubwa wangu.

“Sitaikaa. Angalia ile bouclier, bampa ya mbele ya lori! Angalia ile tope! Donc nililipa franga yangu juu ya tope?”

Baba hakugeuka. Alimaliza mlima, akapunguza mwendo, akaingia sokoni Musienene, akapiga klaksoni. Kaka alikuwa bado anasema. Halafu akasogea karibu na kioo.

“Ile ni nani?” akauliza, wakati beseni lilikuwa limeshapita.

“Unamujua,” baba akasema.

“Papa, rudia nyuma.”

“Hapa hapana kurudia nyuma. Iko soko.”

“Rudia tu, papa.”

Baba akatia gia, akarudisha lori lote nyuma katikati ya soko, jambo ambalo maisha yake yote aliwakemea makondakta wake wasiliruhusu. Mchezo ukampiga faini. Akasimama mbele ya mama.

Mama alipozikwa, kaka alikuwa China anafuatilia kontena. Aliporudi aligawa vitenge kwa shangazi zetu wote, akajenga kaburi zuri la vigae, na hakuwahi kulitaja jina la mama mbele yetu. Sasa alipiga magoti na suruali yake ya Jumapili ili uso wake uwe sawa na kioo. Akanyoosha mkono kupita bega la baba, akaibonyeza klaksoni, na hakuiachia.

Majirani walianza kuita kutoka nje kuuliza kuna nini. Baba akainuka polepole, akishika nyonga, akamwachia kiti.