Siku Niliyomnyang'anya Mama Ufagio

Mimi ni mwoga. Nimefundisha darasa la nne hapa Kitale kwa miaka mingi, na nikipita dirishani hata watoto wa madarasa mengine huketi vizuri, lakini kwa ndani mimi ni mwoga wa kutupwa. Siogopi nyoka wala mkaguzi wa shule. Kitu ninachokiogopa ni kitanda. Si changu, ni kile tulichomnunulia mama yangu nyumbani Bungoma, upande wa Myanga, chenye godoro nene na mbao za kushikia kando. Alikipanda akiwa bado anatembea mwenyewe mpaka kanisani. Miaka mitatu baadaye alikuwa hawezi kufika chooni bila kushikwa na watu wawili.

Kwa hivyo mgongo wangu ulipoanza kuuma, sikufikiria mgongo. Nilifikiria kitanda.

Ulianza shuleni, nilipoinama kuokota chaki. Nikabaki nimeinama hivyo hivyo, watoto hamsini wakinitazama, na hakuna aliyethubutu kucheka. Nilimeza dawa, nikakandwa kwa maji moto, nikapakwa mafuta ya kila rangi. Wiki zikawa miezi. Hospitalini walipiga picha, wakasema hakuna kilichovunjika, haya ni maumivu sugu, na nitafaidika nikihudhuria darasa. Niliuliza darasa la nini. Wakasema darasa la kuishi na maumivu, kila Alhamisi alasiri. Nikacheka kwa hasira, maana nilikuja kutafuta sindano nikapewa shule.

Tulikuwa wanane, kwenye viti vya plastiki, katika chumba kilichonukia dawa ya kusugulia sakafu. Mwalimu wetu alikuwa daktari wa mazoezi, msichana wa umri wa binti yangu, mwenye viatu vya raba na sauti ya upole iliyoniudhi. Alituambia maumivu yetu ni ya kweli, hatuyabuni. Halafu akasema kuna nyumba iliyowahi kuibiwa kuku, na tangu siku hiyo mbwa wa hapo hubweka hata jani likianguka. Mwizi hayupo, lakini mbwa anabweka kweli, na wewe hulali. Miili yetu, akasema, ina mbwa wa namna hiyo. Hatuwezi kumnyamazisha kwa siku moja, ila tunaweza kumzoesha pole pole kwamba aliyepita ni jirani tu.

Kisha akatuambia tusimame na kuketi, mara tano, bila kushika kitu. Ungedhani ametuambia turuke kutoka juu ya paa. Kando yangu alikaa mzee kutoka Naitiri, dereva mstaafu wa trekta, aliyejifunga mshipi mpana kiunoni. Alikuwa haufungui hata akilala.

"Nikitoa hii mshipi," alisema, "mgongo yangu itaanguka hapa chini, nyinyi mtaokota."

Hakuna aliyecheka. Kila mmoja wetu alikuwa na mshipi wake. Wangu ulikuwa binti yangu, kitindamimba, aliyekuwa nyumbani akingoja kazi. Aliniondolea ndoo, akaniondolea sufuria, akaja mpaka getini kunipokea mkoba wenye madaftari. "Mama, wacha. Wewe kaa tu, nitafanya." Nilimshukuru Mungu kwa mtoto mwenye adabu. Jirani zangu walimsifu, nami nikavimba kichwa.

Alhamisi ya nne tulipewa kazi ya nyumbani. Tuandike kazi zote tulizoacha tangu maumivu yaanze, na mbele ya kila moja tuandike ni nani aliyetuondolea. Mimi nilipiga mistari kwa rula, kama kawaida yangu. Kufagia: binti. Kuchota maji: binti. Kuosha vyombo, kuanika nguo, kuinamia jiko: binti, binti, binti. Nilipomaliza kusoma, daktari yule hakunisifu kwa mwandiko. Alisema anayetupenda hutuondolea kazi kwa huruma, na mwili unaokosa kazi hukonda misuli na kuzidi kuogopa, na mbwa naye huzidi kubweka. Alisema mengine ambayo sikuyasikia, kwa sababu nilikuwa naitazama orodha yangu na kuona si yangu. Ilikuwa ya mama yangu. Mahali palipoandikwa binti, binti nilikuwa mimi.

Nitaeleza, maana anayetoka mbali na kwetu anaweza asielewe jinsi ufagio unavyoweza kuwa kesi. Kwetu mama aliyeozesha wana hafagii kiwanja wakamwana wake wakiwepo. Mpita njia akimwona ameinama na ufagio, atasalimia vizuri, atafika sokoni, na jioni kijiji chote kitajua kwamba boma lile lina wanawake wavivu wasiomheshimu mama mkwe. Mama yangu alijua hayo na hakujali. Alipenda kufagia. Kila asubuhi alifagia kuanzia mlangoni mpaka kwenye migomba, na alipoanza kuumwa mgongo alifagia akisimama hapa na pale, mkono kiunoni, kisha akaendelea.

Nilimkuta hivyo siku moja nilipotoka Kitale. Tulikuwa tumeshampeleka kupigwa picha, na daktari alikuwa ameniita kando peke yangu, kwa vile mimi ni mwalimu na kifungua mimba, akaniambia uti wa mgongo umechakaa kwa umri. Neno hilo lilinitisha sana. Nikaona pingili zikisagika kama mahindi kinuni kila anapoinama. Nilimwendea, nikamnyang'anya ufagio mkononi, nikamkaripia mke wa kaka yangu mbele ya watoto wake, kwamba anamwachaje mgonjwa afanye kazi yeye akiwepo. Mke wa kaka yangu alilia. Tangu siku hiyo mama hakushika ufagio, wala mwiko, wala jembe. Mwezi uliofuata nikaleta kitanda.

Hakuna mtu aliyemdhuru mama yangu isipokuwa mimi, na nilifanya hivyo nikijiona mtoto bora kuliko wote.

Darasa lilipokwisha nilibaki. Nilimweleza yule msichana nikiwa nimesimama barazani, nikitazama pembeni nisije nikalia mbele ya mtu ninayeweza kumzaa. Hakunilaumu. Aliuliza kama mama amepimwa tena tangu wakati ule. Hajapimwa. Akasema aangaliwe kwanza, tusikurupuke, na akionekana hana tatizo lingine aanze na kitu kidogo anachokipenda mwenyewe, kwa kipimo kidogo, aache kabla hajachoka. Kesho yake tena kipimo hicho hicho.

"Na akianguka?" niliuliza.

"Mwalimu, utakuwa karibu naye. Lakini usimfanyie."

Mhudumu wa zahanati ya Myanga alifika nyumbani kwa mama akampima. Alinipigia simu, akasema miguu imedhoofika kwa kulala, hakuona kingine cha kutisha, aanze taratibu akiwa na mtu kando. Badala ya kufurahi niliingiwa na baridi. Kama hakuna kingine, basi miaka mitatu ile ilikuwa kazi ya mikono yangu. Na sasa nilitakiwa kwenda kurekebisha kwa mikono hiyo hiyo. Nilimwona akianguka kwa kila namna mtu anavyoweza kuanguka. Nikaahirisha Jumamosi moja, nikasingizia mitihani. Nikaahirisha ya pili. Ya tatu mgongo wangu uliuma vibaya, na binti yangu akaja na mto, akasema, "Mama, wacha, leo usishuke kitandani." Nilishuka siku hiyo hiyo, nikavaa, nikaenda Bungoma.

Nilimkuta amelala ameelekea ukutani. Mke wa kaka yangu alikuwa mlangoni akichagua maharagwe, akanisalimia kwa adabu ile ya mtu asiyesahau. Nilimwomba ufagio. Alinitazama kwa muda mrefu kabla hajauleta.

Niliketi kwenye kiti kando ya kitanda. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, kuhusu mbwa na misuli, lakini yote yalinitoroka. Nikasema tu, "Mama, nimekuletea ufagio wako."

Hakugeuka mara moja. "Wa nini?"

"Daktari amesema unaweza kuanza kufanya vitu vidogo vidogo."

"Daktari gani? Yule aliyekuambia kando?"

Sikuelewa. Akageuka basi, pole pole, akishika ile mbao, akanitazama usoni.

"Si wewe ndio ulininyang'anya hiyo ufagio? Ulitoka kwa daktari hukuniambia kitu. Ukakasirika, ukaniletea kitanda, mkaanza kuniongelesha polepole. Mimi si mtoto. Nilijua ameona kitu ya kufa ndani yangu na nyinyi mmenificha. Kwa hivyo nikangoja."

Kwetu watu huficha. Mzazi akiwa na ugonjwa mbaya wakubwa wa nyumba huambiwa kando, naye mgonjwa huambiwa ni malaria, ni uchovu, utapona. Mama alikuwa amemficha bibi namna hiyo, na bibi alikuwa amefichwa kwa kupikiwa kuku na kukatazwa kazi. Alizisoma dalili zote kwangu na hakukosea hata moja. Alikosea ugonjwa tu, kwa sababu haukuwepo. Kwa miaka mitatu mama yangu alilala pale akingoja kifo ambacho hakuna daktari aliyekisema, na kila nilipompigia simu nikimwambia pumzika, alisikia kwamba bado kidogo.

"Hakuna kitu, Mama," nilisema. "Alisema mgongo umechakaa kwa umri. Hiyo tu. Mimi ndiye niliyeogopa."

"Hiyo tu?"

"Hiyo tu."

Nilingoja anitukane, na angenitukana ningeshukuru. Aliuliza kama mke wa kaka yangu alijua, nikasema hapana, hakuna wa kujua lolote maana halikuwepo. Kwenye kizingiti maharagwe yalikuwa yamenyamaza ndani ya ungo.

Mama akashusha mguu mmoja, halafu wa pili. Miguu ile ilikuwa myembamba kiasi kwamba nilifumba macho. Nilipofumbua alikuwa ameketi ukingoni, anahema, kanga imemteleza begani, na mkono ameunyoosha kwangu. Nilidhani anataka nimshike. Alitaka ufagio.

Akainama. Nilisikia kitu kikialika, sijui ni kitanda au yeye. Alifagia sakafu iliyokuwa mbele ya miguu yake, eneo lisilozidi sinia, mara moja, mara mbili. Alikuwa ameegemea mbele mno. Paji la uso lilimtoka jasho, na mdomo ukajikunja kama zamani kule kwenye migomba.

"Unaumwa?" nikauliza.

"Naumwa."

Mikono yangu ilikwenda yenyewe. Ilikuwa imeshafika karibu na kiwiko chake Mama alipoona kivuli cha mikono hiyo sakafuni.

"Usinishike," alisema. "Ulishanishika ya kutosha."

Nikairudisha. Nikaiweka chini ya mapaja yangu, juu ya kiti, nikaikalia, huku mgongo wangu ukiuma. Mama akafagia mara ya tatu.