Alama Saba za Fundi Simu

Mdogo wangu wa kike ni fundi simu, na mtaani kwetu hana mpinzani. Hata simu iliyotumbukia chooni huifufua. Ila kwa miaka mingi aliyeongea na wateja wake alikuwa Mama. Mdogo wangu alikuwa na taya la chini lililochomoza mbele, meno hayakutani, maneno yanatoka yamepondeka. Basi Mama akajipa cheo cha usemaji. Mwalimu akiuliza, Mama anajibu. Mchumba akija, Mama anamkataa.

Mwaka jana akapasuliwa. Daktari alilikata taya, akalirudisha nyuma na kulifunga kwa vyuma vidogo. Uso ulivimba, uji akanyweshwa kwa bomba la sindano, na mimi nikalia kuliko yeye. Uvimbe ulipoisha, akaanza kutamka vizuri. Lakini mazoea yana tabu: Mama aliendelea kumjibia, naye akaendelea kunyamaza. Hilo lilinikosesha raha. Mateso yote yale ya nini, kama mdomo bado ni wa Mama?

Wiki iliyopita tuliitwa hospitali. Muuguzi alitaka kujua wagonjwa wa taya wameridhika kiasi gani, na daktari aliyempasua alikuwepo, kaegemea dirisha.

"Dada, kuanzia sifuri mpaka kumi, matibabu yetu unayapa ngapi?"

"Kumi!" Mama akadakia.

"Mama, namuuliza yeye."

"Basi weka kumi na moja. Daktari huyu ni kama mwanangu."

Mdogo wangu akamshika Mama mkono taratibu. "Mama, samahani. Aliyepasuliwa ni mimi." Akamgeukia muuguzi. "Andika saba. Kutafuna, safi. Sura naipenda, najitazama kwenye kioo mpaka naona haya. Lakini mdomo wa chini bado una ganzi, chai inanichuruzika mbele za watu, na hakuna aliyeniambia kabla. Wenzangu waambieni mapema."

"Kweli, tulipaswa kukuambia," akasema daktari. "Nisamehe."

Nusura nipige vigelegele. Nikamtazama Mama kwa wasiwasi, nikidhani kanuna. Wapi! Tulipotoka alimng'ang'ania mlinzi wa getini, mtu asiyetujua hata kidogo.

"Mwanangu kampa daktari saba," akamwambia. "Saba, bila kupepesa macho! Tena mimi nimekaa palepale, akaninyamazisha."