Nguzo Zisizolia

Mti hauvunjiki kimyakimya. Hulia kwanza. Mimi ni fundi wa matimba hapa Rwamgasa, yaani magogo tunayosimamisha ndani ya duara, shimo letu la dhahabu, ili udongo usiwafukie wachimbaji, na kilichoniweka hai miaka yote hii si elimu, ni kusikiliza. Kila asubuhi, kabla mtu yeyote hajashuka, fundi hushuka peke yake. Juu wanazima mashine za kusagia mawe, hata mama lishe anaambiwa aache kugonga sufuria. Unakaa chini, unashika gogo, unatulia. Gogo likielemewa linaguna, linatoa ka, ka, ka, na hapo hakuna mjadala: watu hawaingii. Mwanangu wa kwanza anachimba kwenye duara hilohilo. Nimeshamzuia kushuka mara mbili kwa sababu ya sauti hiyo, na mara moja paliporomoka kweli.

Basi nikaitwa Geita mjini, kwenye kamati ya kuandaa kiwango cha nguzo za maduara. Mimi! Nikavaa koti la harusi. Mke wangu akanicheka, “Mheshimiwa, ukirudi utatujua kweli?” Tulikuwa watatu tu tuliotoka machimboni, waliobaki walikuwa maofisa na watu wa kampuni inayouza nguzo za chuma. Nilidhani tunakwenda kukiandika hicho kiwango. Loo! Kilikuwa kimeshaandikwa, kimechapwa, na picha juu. Aliyekiandika ni mtaalamu wa kampuni hiyohiyo. Ukumbi wamelipia wao, pilau wamepika wao, hata kalamu zilikuwa na nembo yao. Unene, urefu, mpaka kitako cha nguzo, vipimo vyote vilikuwa vya ile nguzo waliyoisimamisha mlangoni kama bibi harusi. Mti haukutajwa popote.

Nikanyoosha mkono, nikauliza: hiyo nguzo ikielemewa, itatuambiaje?

“Mzee wangu, chuma hiki kimepimwa maabara,” mtaalamu akajibu.

Maabara ya nani? Ya kwao. Akaniuliza sisi tunapima kwa kifaa gani, nikasema sikio. Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na mimi mjinga nikacheka nao.

Baada ya chakula mwenyekiti, ofisa wa serikali aliyenizidi umri, akauliza kama kuna mwenye pingamizi. Hapo ndipo nilipoharibu. Kwetu Usukumani humuumbui mtu mzima mbele za watu, tena ukiwa umetoka kula chakula alichokukaribisha. Unanyamaza. Mkutano ukiisha unamfuata pembeni, “Shikamoo mzee, lile neno halijakaa sawa,” naye analirekebisha bila kuaibika. Ndivyo tulivyolelewa. Nikanyamaza. Wenzangu wawili wakaniangalia, nao wakanyamaza. Nilipotoka kumtafuta, alikuwa ameshapanda gari la kampuni. Nililikimbilia hadi getini nikipunga mkono. Dereva akapiga honi, akidhani naaga. Kwenye muhtasari wakaandika kwamba wadau wameafiki bila pingamizi. Wahenga wanasema asiyekuwepo na lake halipo. Mbona mimi nilikuwepo?

Kiwango kikapita. Mkaguzi akaja na kopo la rangi nyekundu, akayatia alama matimba yangu yote, na duara likafungwa mpaka mwenye duara anunue chuma. Akanunua. Niseme ukweli, chuma ni kigumu, na sijasikia bado kwamba kimeua mtu. Labda mimi ni mzee tu anayelilia kazi yake. Mke wangu anasema hivyo, na kuna siku nakaribia kumkubalia. Lakini moyo hautulii. Mwanangu akichelewa kupanda, naacha chai, nakwenda kusimama mdomoni mwa duara.

Mwaka huu mvua zilipokolea na udongo kulowa, nikaomba nishuke kama zamani. Mashine zikazimwa, kwa kuniheshimu tu. Nikashika nguzo ya kwanza. Baridi, kimya. Ya pili, kimya. Maji yanachuruzika mgongoni, nyufa ni zilezile au zimeongezeka, sijui, zamani sikuwa na haja ya kuziangalia. Mayu wane, mama yangu! Nimeogopa sana maishani mwangu duarani, lakini nilikuwa naogopa kitu ninachokisikia.

Nikapanda, nikamwambia mwanangu leo asishuke.

“Umesikia nini, baba?”

“Sijasikia kitu.”

“Sasa?”

“Si ndiyo nakwambia, sijasikia kitu!”

Wenzake wakacheka chinichini. Yeye hakucheka, ni kijana mwenye adabu. Akanishika mkono, akanipeleka kibandani, mahali walipobandika cheti cha ukaguzi pamoja na kile kiwango. Akaweka kidole kwenye ukurasa wa mwisho, palipoandikwa wajumbe wa kamati. Jina langu lilikuwapo, herufi kubwa.

“Baba, ulikaa na wakubwa mkakubaliana kwamba hizi ni salama,” akasema. “Hawa wenzangu walikuwa wanaogopa kushuka. Mimi ndiye niliyewatoa hofu. Niliwaambia baba yangu alikuwemo.”

Nilitaka kumweleza habari za pilau, za gari, za honi. Ningesema nini mbele ya vijana wale, kwamba niliona haya kumpinga mtu? Akajifunga kamba kiunoni. Mtu wao mmoja wa kushika kamba huku juu alikuwa anaumwa, wakaniomba niwasaidie. Nikaishika kamba kwa mikono miwili, nikaanza kumshusha.