Kichwa cha Mapuleng

Seabata alikuwa amekata manyoya ya kondoo kwa miaka kumi na mmoja katika banda la sufu lililo bondeni, na hakuna aliyewahi kuulaumu mkono wake. Dakika nane zilimtosha kwa kondoo mmoja. Ngozi ikichanika unapaka dawa, unamsukuma mnyama atoke, unamvuta mwingine. Lakini Jumapili ile, siku moja baada ya kumzika kaka yake Khethisa, baba yake alimwita ndani akamwambia avute kisanduku cha bati kutoka chini ya kitanda, na Seabata akahisi kwamba miaka yote kumi na mmoja haikuwa imemfundisha kitu.

Ndani ya kisanduku, juu ya kitambaa cha flana, ililala mashine ya kunyolea. Ilikuwa ya chuma kitupu, nzito kama nyundo ndogo, na mdomo wake ulikuwa na meno kama ya kitana. Baba yake, Ntate Letuka, aliinunua mjini Welkom alipokuwa mgodini, wembe ukiwa bado unauzwa mmoja mmoja. Kwa mashine hiyo alikuwa amemnyoa kila mtu wa ukoo wa Letuka aliyefiwa, kwa miaka thelathini na mitano. Sasa macho yake yalikuwa yamefunikwa na utando mweupe, na Khethisa, ambaye ndiye angepokea kazi, alikuwa chini ya mawe nyuma ya zizi.

"Jumamosi utamnyoa shemeji yako," mzee alisema.

"Ntate, siku hizi kuna mashine za umeme."

"Zile zinapunguza nywele. Hazinyoi."

"Basi hizi za plastiki za dukani. Hazikati mtu."

"Zile ni miswaki," Ntate Letuka alisema, na mazungumzo yakaishia hapo.

Koo nyingine za pale mlimani zilikuwa zimekwisha kulegeza mambo haya. Letuka hawakulegeza. Mjane alinyolewa na mwanamume wa damu ya Letuka, mchana, shangazi wa ukoo akiwa ameshika beseni. Maji ya beseni yalitakiwa yabaki meupe. Damu ikionekana, kazi ilisimama papo hapo, na mjane alikaa hivyo hivyo, upande una nywele na upande hauna, bila kutoka nje ya ua, hadi mwezi mpya uandame. Ndipo walipoanza upya.

Mapuleng, mke wa marehemu, aliyeitwa hivyo kwa jina la binti yake Puleng, aliyajua hayo tangu alipoolewa. Alikuwa akishona suruali za jinzi katika kiwanda kimoja cha mjini Maputsoe, na msimamizi wake alimpa ruhusa hadi Jumatatu ya wiki ya pili. Mwezi mpya ulikuwa mbali, siku kumi na tisa.

Alimkuta Seabata jikoni siku hiyo hiyo ya Jumapili, akijitazama kwenye kioo kilichotundikwa dirishani, mashine mkononi.

"Shemeji."

"Naam."

"Jumatatu ya kurudi kazini, saa moja asubuhi, nisipokuwa kwenye cherehani yangu, pale getini kuna wanawake hamsini wanasubiri mmoja aanguke. Puleng yuko kidato cha pili. Khethisa hayupo. Unanielewa?"

"Nitajitahidi, shemeji."

"Usijitahidi," Mapuleng alisema. "Usinikate tu."

Kesho yake, Jumatatu, Seabata alianza na uso wake mwenyewe. Baba yake aliketi kando yake kwenye kiti cha kamba, blanketi limemfika masikioni, uso ameuelekeza ukutani. Seabata alijipaka povu la sabuni, akaishika mashine kama anavyoshika mkasi wa kondoo, kwa kiganja chote, akaivuta shavuni.

"Umejikata," alisema Ntate Letuka.

"Umejuaje?"

"Imenyamaza. Wembe unaofanya kazi unakwaruza, kama mtu anachana karatasi chumba cha pili. Ukinyamaza, umeukandamiza. Unadhani umemkalia kondoo?"

Akajikata mara ya pili, chini ya sikio, halafu mara ya tatu. Mashine ile haikusamehe. Ilikuwa na uwazi mpana kati ya meno na wembe, na mkono ukiinama kidogo tu kupita inavyotakiwa, ilizama. Alipomaliza, taulo lilikuwa kama la mchinjaji. Baba yake akampa jiwe la shabu, la kukatiza damu, alisugue kwenye majeraha, na Seabata akauma meno.

Jumanne alijifunza kushika mpini kwa ncha za vidole. Hilo lilimshinda kuliko yote. Vidole vyake vilikuwa vimezoea kubana mnyama anayepiga mateke. Kuacha kitu kijibebe chenyewe kulikuwa kama kutembea bila kukanyaga. "Uzito wake unatosha," baba yake alirudia. "Wewe kazi yako ni kuuongoza. Na mkono wa pili uvute ngozi. Hapana, vuta. Fupi fupi. Usikimbie." Jumatano alikuwa na mistari saba mikavu usoni, na hapo ndipo Shangazi Maseeiso alipowasili, akishuka kwenye farasi wa kukodi huku akilaani baridi.

"Yesu wangu! Wewe umepigana na paka?"

"Najifunza, Shangazi."

"Ungejifunzia kwa mbuzi. Mbuzi hana haya ya kutembea amechanwa uso." Akamshika kidevu, akamgeuza huku na huku. "Kaka, huyu ndiye tunayemtegemea?"

"Ndiye aliyebaki," alisema Ntate Letuka, na Shangazi akaacha utani.

Alhamisi wembe uliimba kuanzia sikio hadi sikio. Seabata alifuta povu akakuta taulo jeupe. Baba yake alikuwa ameshasikia, na aliitikia kwa kichwa. Siku iliyofuata mzee mwenyewe alivua kofia yake ya sufu.

"Kichwa si shavu," alisema. "Kina vilima. Njoo, anza na changu. Mimi nami nimefiwa."

Seabata hakuwahi kukigusa kichwa cha baba yake. Kilikuwa kidogo kuliko alivyofikiri, chenye joto, na nyuma kilikuwa na kovu la jiwe la mgodini. Alikwenda nacho polepole, akivuta ngozi juu ya kovu, akisuuza mashine kila baada ya mikwaruzo miwili. Mapuleng alisimama mlangoni, mikono ndani ya blanketi jeusi, akitazama maji ya beseni na si kichwa. Yalibaki meupe. Alipoondoka, Seabata alimsikia huko uani akimwambia Puleng ampigie pasi sare ya kiwandani.

Jioni Ntate Letuka alitoa maagizo ya mwisho. "Kesho utie wembe mpya. Huu umechoka. Na usiuweke kichwani kwa mtu kabla hujauonja wewe mwenyewe. Nyembe hazifanani, hata za paketi moja."

Hivyo Jumamosi asubuhi, jua likiwa bado halijafika uani, Seabata alifunua wembe mpya kutoka kwenye karatasi yake na kuujaribu kidevuni. Ulikuwa mkali kuliko ule wa kwanza. Ulipopita chini ya taya ukagusa mahali pamoja, padogo kama palipoumwa na kiroboto. Alisugua shabu. Damu ikakauka. Akajipangusa, akajitazama mara mbili, akaona uso safi, akatoka.

Mapuleng alikuwa ameketi kwenye mkeka ukutani, mahali pasipofikiwa na upepo, blanketi limemfunika hadi kooni. Shangazi Maseeiso alipiga magoti kando yake na beseni. Ntate Letuka aliketi karibu, sikio limeelekea mkekani. Puleng alisimama nyuma ya nyanya zake wawili wa upande wa mama, waliofika kwa ajili ya siku hiyo, na watu wengine wanane au tisa wa ukoo.

Nywele ndefu zilikuwa zimeshapunguzwa kwa mkasi. Seabata aliulowesha utosi kwa maji ya moto, mvuke ukampanda usoni, akapaka povu. Kisha akaanza kushuka kuelekea sikio la kulia.

Alisikia karatasi ikichanwa. Mkwaruzo baada ya mkwaruzo, ngozi ya Mapuleng ilijitokeza, laini, yenye rangi nyepesi kuliko uso wake, kama sehemu ya mwili isiyowahi kuona dunia. Mara moja tu Mapuleng alisema, bila kugeuka, "Mkono wako hautetemeki."

"Usinisemeshe, shemeji."

"Haya."

Upande wa kulia ulikwisha. Kisogo kikaisha. Seabata alihisi jasho likimtambaa shingoni licha ya baridi, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi alimfikiria Khethisa bila kuumwa kifuani. Akasogea upande wa kushoto, akainama juu yake ili aone vizuri nyuma ya sikio. Mvuke, jasho, kuinama: lile jeraha dogo la taya lilifunguka. Hakuhisi chochote. Aliona tu doa jekundu likidondokea kwenye utosi safi wa Mapuleng, likateleza na maji, likaingia kwenye beseni na kuchanua.

"Simama," alisema Shangazi Maseeiso.

"Si yake!" Seabata alijishika kidevu, akaonyesha vidole. "Ni yangu. Tazama, Shangazi! Kichwa chake hakina hata mkwaruzo. Mpapase!"

"Mimi nimepewa kutazama maji. Sikuambiwa niulize damu ya nani."

"Seabata," baba yake aliita. "Kuna damu?"

Angeweza kusema hapana. Mzee hakuwa anaona. Lakini watu kumi na zaidi walikuwa wakiona, na Shangazi alikuwa ameshaliinua beseni.

"Ipo, Ntate. Yangu. Nilionja wembe asubuhi kama ulivyosema."

Mikono ya Ntate Letuka ilisogea juu ya magoti kama inayotafuta kitu. "Weka mashine chini," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo sana.

Mapuleng aligeuka. Upande mmoja wa kichwa chake uling'aa, mwingine ulikuwa na povu na nywele fupi nyeusi. "Shangazi," alisema, "nakuomba. Nakuomba kama mama yangu."

"Mwanangu, mimi nilikaa siku ishirini na sita." Shangazi Maseeiso hakuwa na ukali tena, alionekana mchovu. "Mume wangu alipofariki, huyu kaka yangu alinikata hapa, juu ya sikio. Watu walikuja kunichungulia kama kituko. Nilikaa. Sikufa."

"Najua hukufa. Na mimi sitakufa. Nitafukuzwa kazi."

Mmoja wa nyanya za Puleng alianza kulia kwa sauti ya chini. Ndipo Mapuleng alipoutoa mkono wake ndani ya blanketi, akaunyoosha kuelekea kwa Seabata, kiganja juu.

"Nipe."

"Mapuleng!" Shangazi alisimama, maji yakamwagika. "Unajua maana yake. Anayejinyoa mwenyewe amesema hana watu. Ukishajinyoa, ua huu si wako tena. Na siku yako ikifika hutalala kando ya Khethisa. Unasikia? Pale pako patabaki patupu."

"Nimesikia."

"Na mtoto?"

Mapuleng alimtazama Puleng. Msichana aliinamisha macho. "Mtoto ni wenu. Mtoto hajajinyoa," alisema. "Shemeji, nipe, mikono inaniganda."

Seabata alimtazama baba yake. Mzee alikuwa amegeuza uso ukutani, kama siku ile ya kwanza ya mafunzo, na hakusema mpe wala usimpe. Kama angekataza, Seabata angetii, alijijua. Alingoja neno hilo hadi povu kichwani mwa Mapuleng likaanza kukauka. Halikuja. Akasuuza mashine, akaifuta, akaiweka kiganjani mwa shemeji yake.

"Shika kwa ncha za vidole," alimwambia. "Usikandamize. Uzito wake unatosha."

Kisha akaingia jikoni, akakitungua kile kioo cha dirishani, akaja akapiga magoti mbele yake na kukiinua. Watu walianza kuondoka mmoja mmoja. Shangazi Maseeiso alibaki amesimama na beseni tupu.

Mapuleng alijikata mara nne. Hakuna aliyesema simama, kwa kuwa damu ile haikuwahusu tena. Ilimshuka shingoni ikaingia ndani ya blanketi. Kila wembe uliponyamaza, Ntate Letuka alishtuka kidogo kwenye kiti chake, na mara ya tatu alisema, kama anayejisemea, "Avute ngozi. Mwambie avute ngozi."

"Vuta ngozi," alisema Seabata.

Mapuleng alipomaliza, alinawa kwa maji ya ndoo na kufunga kitambaa. Nywele zilikuwa zimelala mkekani katika marundo mawili. Lile alilolinyoa Seabata lilikuwa la ukoo. Shangazi alilikusanya ndani ya gazeti likazikwe nyuma ya zizi. La pili hakuligusa. Mapuleng aliliokota mwenyewe hadi unywele wa mwisho, akalitia kwenye mfuko wa plastiki wa dukani, akaufunga fundo.

Jumapili aliamka mapema akashuka mlima kwa miguu, kwa sababu hakuna mtu wa ukoo ambaye angempa farasi. Seabata alimbebea sanduku hadi kwenye mkondo wa maji, mahali ambapo eneo la Letuka linakwisha. Pale alisimama. Mapuleng alilichukua sanduku, akavuka juu ya mawe yenye barafu, na upande wa pili akageuka.

"Puleng atakapofiwa," alisema, "atahitaji mtu mwenye mkono mzuri. Endelea kujifunza."

Seabata alitaka kumjibu, lakini hakujua amwite nani sasa. Shemeji halikuwa tena neno lake. Alisimama pale hadi kitambaa cheusi kilipopotea kwenye kona ya chini, akapanda kurudi nyumbani, ambako baba yake alikuwa ameketi uani bila kofia katika baridi, akimsubiri amnyoe ndevu.