Siku Walii Alipokwama Kwenye Kasha

Nilipokuwa nasoma madarasa ya usiku, maneno yalizagaa hapa mjini Unguja kwamba mtu mzima akikaa kusoma chini ya zile taa ndefu za mirija, mwanga wake unamkausha ubongo, taratibu, kama nazi iliyosahauliwa darini, na kinachotangulia kukauka ni kumbukumbu. Mimi niliyameza mazima mazima. Nikawa naingia darasani nimejipaka mafuta ya nazi utosini, na si ya kupaka bali ya kumwaga, mpaka yakawa yananichuruzikia kwenye daftari, na mwalimu wa hesabu akaniuliza mbele ya watu kama nimekuja kusoma au nimekuja kukaangwa. Niliyaamini kwa sababu yalinifaa. Kusahau nilikuwa nasahau kweli, na ni raha sana kuwa na taa ya kuilaumu.

Lakini aibu yangu yenyewe si ya mafuta. Ni ya siku niliyotakiwa kumuozesha mdogo wangu Zuwena, na nikiisimulia watu hucheka mpaka wanashika mbavu, nami hucheka nao, lakini nikirudi nyumbani sicheki.

Baba yetu alikuwa ameshafariki, nami ndiye mtoto wa kiume pekee aliyemwacha, kwa hiyo walii wa Zuwena ni mimi, na bila ya walii hakuna ndoa. Posa ilitoka kwa Makame, Mtumbatu, yaani mtu wa kile kisiwa cha wavuvi cha Tumbatu, kijana mpole aliyekuwa akitusomesha jiografia usiku (mimi ndiye niliyemleta nyumbani kunywa chai, basi ile chai ikazaa mambo). Mama alikuwa radhi. Zuwena alikuwa zaidi ya radhi, alikuwa akisikia mlango unagongwa anatangulia kuufungua kabla ya mgongaji hajashusha mkono. Tatizo lilikuwa shangazi zetu, ambao babu yao alikuwa na mashamba ya mikarafuu, na ingawa mashamba hayapo tena wao bado wanatembea kama waliotoka kuyakagua.

"Mtumbatu?" wakauliza. "Zuwena wetu?"

Nikawapigania Zuwena na Makame, nyinyi! Nilipiga kelele siku ile mpaka kunguru wa mtaa mzima wakahama. Mwisho shangazi wakanyamaza, hawakukubali lakini walinyamaza, nami nikampelekea salamu baba yake Makame, Mzee Vuai, kwamba nyumba yetu ni yake na asisikilize maneno ya watu. Ndoa ikapangwa Alkhamisi baada ya sala ya alasiri, msikiti wa mtaani kwetu, na wageni watoke Tumbatu asubuhi, wavuke Mkokotoni, waje mjini, ndoa ifungwe, warejee wawahi chombo kabla ya kiza.

Asubuhi Mama akanishika bega. "Nassor, leo usitoke. Nnakwambia usitoke. Kanzu yako itafuatwa kwa dobi, halwa itafuatwa, wewe kaa tu."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, nshajipanga. Na kweli nilikuwa nimejipanga, kwa ule utaalamu wangu wa zamani: nilijifunga nyuzi kwenye vidole vya mkono wa kulia. Uzi mwekundu ukumbusho wa kanzu, uzi mweupe ukumbusho wa halwa, na uzi mweusi wa jambo jengine ambalo nilipoutazama baada ya kifungua kinywa sikulikumbuka hata kidogo. (Lilikuwa ni saa ya ndoa yenyewe.) Na nilizikaza vizuri, maana nilijua mimi mwenyewe ni mtu wa kuteleza.

Basi nikatazama saa ya ukutani, nikaona imesimama. Sasa fikirini: siku ya ndoa, saa imesimama, je, mtu mwenye kujali wakati atakaa na saa iliyosimama? Nikaamua niende sokoni Darajani mara moja tu, ninunue betri, nirudi. Yaani balaa lote lile lililofuata nililitafuta kwa sababu nilitaka nisichelewe.

Betri nilinunua. Nusu ya njia ya kurudi nikapita kwenye duka la Abdulla, muuza vitu vya kale, nikamkuta anatukana kasha. Kasha la nakshi, la misumari ya shaba, zito kama deni la serikali, na Abdulla anasema lina mtoto wa siri, yaani ile droo ndogo ambamo watu wa zamani wakificha dhahabu zao, na tangu juzi ameshindwa kuifungua.

"Niachie mimi dakika moja," nikamwambia.

Wale mlioumbwa kama mimi mnalijua jambo hili, na wengine nitajaribu kukuelezeni. Mimi ukinipa kazi ya kawaida, kama kujaza karatasi ya umeme, nitaizunguka wiki nzima kama kuku anayezunguka shimo. Lakini ukinipa fumbo, dunia inafungwa. Sisikii, sioni njaa, sijui kama kuna jua. Nikakaa chini, nikabonyeza misumari mmoja mmoja, nikagonga ubao, nikasikiliza, nikaingiza kisu, nikatoa. Nikasikia adhana, nikasema moyoni hiyo adhuhuri, ngoja nimalize ubavu huu. Haikuwa adhuhuri. Adhuhuri ilikuwa imeshapita zamani, ilipita juu ya kichwa changu na mimi nimeingiza pua kwenye kasha.

Kisha kasha likalia "tak!" na mtoto akachomoza. Nilipiga ukelele wa furaha nadhani ulifika Matemwe. Nikaingiza mkono wa kulia nione dhahabu, nikapapasa mpaka nyuma kabisa, nikakuta kifungo kimoja cha shati.

Mkono haukutoka.

Zile nyuzi, ndugu zangu. Vidole vilikuwa vimevimba vimekuwa kama muhogo wa kuchemsha, vimeingia kwa mbinde na kutoka havitaki. Nikavuta, droo ikachomoka yote kutoka kwenye kasha ikabaki imening'inia mkononi, kisanduku cha mti chenye urembo, kimefunikwa juu na kuachwa mdomo mwembamba, mimi ndani yake mpaka kwenye kifundo.

"Usiivunje!" Abdulla akapiga kelele. "Wallahi ukiivunja kasha zima halina maana! Tena nnafunga, watu wameshasali alasiri saa ngapi, na wewe upo hapa tu."

"Alasiri?"

"Sasa unadhani nini, alfajiri?"

Hapo ule uzi mweusi ukanijibu wenyewe.

Nikatoka mbio. Nilikimbia na ile droo imenyanyuliwa juu kama mtu anayebeba mzoga wa paka, sina kanzu, nimevaa shati la kushindia lenye vumbi la kasha, na kila niliyempita aliniuliza "Nassor, hicho nini?" nami sikuwa na pumzi za kujibu. Nyuma yangu Abdulla naye anakimbia, si kwa ajili yangu, kwa ajili ya droo yake.

Msikitini nilikuta viatu vimepangwa mlangoni, viatu vingi. Nikaingia. Makame alikuwa amekaa mbele katika kanzu nyeupe, uso umemshuka. Pembeni yake Mzee Vuai na wazee wa Tumbatu, wameketi wima kama walivyoketi tangu sala ilipomalizika. Upande wa pili jamaa zangu, ami zangu na watoto wa ami, kila mmoja anatazama mkeka wake. Imamu, mtu mwema, akataka kuliwahi jambo kabla halijaharibika.

"Alhamdulillahi, walii amefika. Mwanangu, kaa hapa, umpe mkono bwana harusi."

Maana kwetu ndivyo inavyofanywa, walii na bwana harusi hushikana mikono ya kulia, ndipo yasemwe maneno ya kuozesha. Nikakaa. Nikamnyooshea Makame droo.

Mtu mmoja nyuma akapasuka kicheko. Kisha wa pili. Kisha msikiti mzima, hata ami yangu mkubwa ambaye hajacheka tangu Mapinduzi, mabega yake yakawa yanapanda na kushuka. Makame, Mungu amlipe, alinyoosha mkono wake akaushika ule mti, akaushika kwa upole kabisa, kana kwamba ndivyo mikono ya watu ilivyo.

"Inafaa," Imamu akasema. "Kushikana mikono si sharti, ni ada tu. Tuendelee."

Lakini Mzee Vuai alikuwa ameshasimama. Hakucheka, na wala hakupandisha sauti.

"Sheikh, sisi hatukukaa hapa tangu alasiri kungojea mkono," alisema. "Tumengojea mtu. Tumeambiwa atakuja sasa hivi, tukangoja. Tumeambiwa tena sasa hivi, tukangoja. Sasa amekuja na mchezo." Akanigeukia. "Mwanangu, mngetwambia tu kama hamtutaki. Tungejua njia ya kurudi."

"Mzee wangu, sivyo, wallahi, mimi nilikuwa..."

Nilikuwa nini? Nilikuwa nafungua kasha la mtu?

"Makame, twende. Chombo hakitungoji."

Makame alinitazama. Kisha akamtazama baba yake. Kisha akainuka, na pale nilipokuwa nimekaa nikasikia wanavaa viatu, mmoja mmoja, hawana haraka, mpaka gari yao ikawashwa.

Nyumbani wanawake walikuwa wameshaanza vigelegele, maana mtu alipeleka habari kwamba walii amefika. Vikakatika katikati. Shangazi yangu mmoja akasema, "Si tulisema?" na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepata alichokuwa akikitaka. Mama alinipeleka jikoni, akaninyunyizia mafuta ya kupikia kwenye mdomo wa ile droo, akapenyeza kisu akakata nyuzi, mkono ukachomoka mara moja, laini. Kazi ya kufumba na kufumbua. Abdulla akachukua droo yake akaifuta kwa kikoi, akaondoka zake. Zuwena alikuwa juu, na hina yake mpaka vifundoni. Hakushuka, nami sikupanda.

Nilipeleka watu Tumbatu kuomba radhi, nikaenda na mwenyewe. Tulipokewa kwa heshima, tukapewa chakula, na mazungumzo yakawa ya samaki tu. Haukupita muda Makame akaozwa huko huko kwao. Madarasa ya usiku nikamaliza, cheti nikapata, na sifa yangu ikaenea kisiwa kizima: mpaka Makunduchi nilikuwa najulikana kwa jina la Bwana Droo.

Zuwena akenda Dar es Salaam kusomea uuguzi, akafanya kazi miaka mingi katika wodi ya wagonjwa wa akili, na aliporudi huku mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, alikuja na jambo moja ambalo sikulitarajia, nalo ni kunihurumia. Alinikuta nimekaa sebuleni nimezungukwa na pasi iliyofunguliwa, redio iliyofunguliwa na barua ya kazini isiyofunguliwa. Akakaa chini akaniuliza maswali mengi, kisha akaniambia hali yangu ya kusahau na kutotulia ina jina refu la kizungu ambalo likifupishwa linabaki herufi nne, kwamba watoto wanayo na watu wazima pia wanayo, na kwamba nisingoje kupona, nijifunze kuishi nayo.

Akanifunza, tena kwa subira ambayo sikuistahiki. Alipigilia msumari mlangoni, akasema ufunguo na miwani vinakaa hapo, havina nyumba nyengine. Akanikataza kabisa neno "baadaye". Jambo dogo likinijia nilifanye hapo hapo nimesimama, kabla sijakaa, maana nikikaa limekufa. Kazi zangu akazifunga kwenye adhana badala ya vidole: hili kabla ya adhuhuri, lile kabla ya alasiri, na yasizidi mawili. Kama nina karatasi za kujaza, yeye huja na ushoni wake akakaa karibu yangu, hasemi kitu, anashona tu, na sijui ni uchawi gani lakini karatasi zinamalizika. Nilale mapema, nitembee asubuhi mpaka nitokwe jasho, ndipo kichwa kinatulia. Na siku yenye jambo kubwa nisitoke nyumbani peke yangu, awepo mtu wa kunishika mkono, hata nikiona haya. Nimeapa, na hiki kiapo nakitimiza, sitoki peke yangu siku ya jambo kubwa hata kwa betri.

Basi juzi wageni walikuja, wakaniomba ile hadithi ya kasha, nami nikaitoa yote na chumvi zake, nikaanzia na taa za mirija zilivyonikausha ubongo, nikamalizia na Mzee Vuai aliyemkosesha mwanawe mke kwa sababu ya droo. Walicheka vibaya sana. Zuwena alikuwa anamimina kahawa. Hakucheka. Wageni walipoondoka aliendelea kukusanya vikombe, akasema bila ya kunitazama:

"Kaka, taa hazikukukausha kitu. Madarasa ya usiku umeyaanza una ndevu, na wewe tangu mtoto Mama akikutuma chumvi ukisahau kurudi. Umezaliwa hivyo, na si kosa. Na Mzee Vuai hakuondoka kwa sababu ya droo. Alikaa msikitini tangu alasiri, ami zetu wote wapo pale, wote wanakujua, na hakuna hata mmoja aliyemwendea akamwambia, 'Mzee, tustahamilie, mtoto wetu ndivyo alivyo, lakini anakutakeni.' Waliona haya kusema. Mimi ningesema. Ningeshuka na hina yangu mpaka msikitini nikasema. Hakuna aliyekuja juu kuniuliza."