Nilivyomwita fundi wa Kamalondo tapeli kwa sababu ya kidani cha kaharabu

Wakuu, habari za kazi.

Ninachowaletea leo ni aibu yangu mwenyewe, kwa hiyo sina sababu ya kutia chumvi. Mtu akitaka kudanganya hujisifu.

Niko Lubumbashi. Nitajitahidi kuandika Kiswahili cha wote, ila watu wa huku wakiongea nitawaacha waongee kama walivyoongea.

Nina duka dogo la kuchapa na kutoa fotokopi karibu na kampasi ya Kasapa. Wanafunzi wanaleta mémoire zao, yaani tasnifu za kumalizia chuo, nazichapa, nazitia jalada. Nimechapa nyingi sana za jiolojia. Sikuzielewa, lakini ukichapa neno "sédimentation" mara mia mbili unaanza kujisikia kama ulilisomea.

Isitoshe, mji wetu umekaa juu ya shaba. Hapa kila mtu ni mtaalamu wa mawe. Muuza nyanya atachukua jiwe la kijani mkononi mwako, ataligeuza mara moja na kukuambia lina shaba kiasi gani. Nyanya zake mbovu hazioni.

Sasa mwaka fulani ikaingia fasheni ya vito vya visukuku. Meno ya papa wa kale, konokono wa bahari waliogeuka mawe, na zaidi ya vyote kaharabu, ule utomvu wa miti uliokaa ardhini mamilioni ya miaka mpaka ukawa kama jiwe la rangi ya asali. Vyote vya kuagiza online.

Na mimi nikaagiza. Kidani cha kaharabu chenye nge ndani yake.

Wakuu, yule nge alikuwa katikati kabisa. Mkia juu, miguu nane imetandazwa sawasawa, anaangalia mbele kama anapigwa picha ya pasipoti. Mimi napiga picha za pasipoti kila siku, na binadamu hai wananishinda kuwakalisha vile. Sikushtuka. Nilijiambia tu, wadudu wa zamani walikuwa na nidhamu.

Kilikuja na certificat yenye muhuri wa dhahabu. Niliifotokopi nakala tano.

Nikakivaa kazini, nikakivaa kanisani. Watu wa mtaani kwetu Kamalondo wakaanza kuniletea vya kwao niwaangalizie. Nikatafuta lenzi, nikatafuta na taa ndogo ya kukagulia noti. Kwenye grupu letu la simu, ambalo karibu mtaa wote umo, wakanipa cheo: Expert.

Hapa nitoe siri ya utaalamu. Ukisema kitu ni halisi, watu watakuuliza umejuaje. Ukisema ni feki, wote wanatikisa kichwa na kukuona una macho. Basi mimi nilikuwa nasema feki. Vidani kumi, feki tisa. Cha kumi kilikuwa cha padri.

Sasa tufike kwa Mama Tshala.

Mama Tshala ni fundi wa nguo, familia yake ilitoka Kasai zamani, yeye amezaliwa hapa hapa. Anashona vizuri mno. Alikuwa ameanza kuuza vidani vya kaharabu kwenye simu, kwamba ukishona gauni kwake unaongeza na kidani chake. Tangazo lake lilisema "ambre véritable", yaani kaharabu halisi.

Jirani mmoja akaniletea alichonunua kwake. Nilikuwa nimeona kwenye video kwamba kaharabu halisi huelea kwenye maji ya chumvi na plastiki huzama. Nikachukua glasi, nikatia maji, nikatia kijiko kimoja cha chumvi. Nilitaka kuongeza, mke wangu akaniambia chumvi ni ya chakula.

Kidani kikazama.

Nikapiga picha kikiwa chini ya glasi. Nikaandika kwenye grupu, herufi kubwa zote: FEKI. PLASTIQUE. MAMA TSHALA ANATUIBIA.

Wakuu, nilipata vidole gumba mpaka simu ikawa moto. Nilijisikia kama nimeokoa taifa.

Baada ya siku tatu Mama Tshala akaja dukani. Ilikuwa saa nne asubuhi, foleni ya wanafunzi mpaka nje. Hakupiga kelele. Aliweka juu ya kaunta pakiti nzima ya chumvi.

"Papa Béni," akasema, "njo weye uliandika kama minauzisha plastic?"

Nikaanza kueleza mambo ya kisayansi. Akanikatisha.

"Kuna harusi nilikuwa nashonea. Manguo ya basichana sita. Jana bamekuya kubeba bitambaa yabo. Banasema hawawezi kuachia muntu mwizi bitambaa. Leo utapima mbele yangu. Na ile iko mu shingo yako, nayo tutapima."

Foleni yote ikasogea karibu. Hakuna aliyekumbuka fotokopi yake.

"Ulitia chumvi ngapi?" akaniuliza.

"Kijiko kimoja."

"Kijiko moya? Chumvi ya kijiko moya ni ya kupika sombe! Haiko ya kupimia jina ya muntu."

Kwenye foleni kulikuwa na msichana wa mwaka wa mwisho wa jiolojia, anaitwa Mireille. Nilikuwa nachapa kazi yake wiki hiyo. Akasogea mbele akaniuliza kwa adabu, "Papa, na kile kishikizo cha chuma, ulikitoa kabla ya kuzamisha?"

Sikukitoa. Video haikusema. Au ilisema, na mimi niliruka mbele.

Nikaleta glasi ya maji, tukaanza upya. Mireille akaendelea kutia chumvi na kukoroga mpaka chumvi ikakataa kuyeyuka. Mama Tshala akatoa kidani kimoja cha biashara yake, akang'oa kishikizo kwa mkasi wake wa kazi. Akakiachia ndani ya glasi.

Kikaelea. Kilizunguka juu ya maji kama kinatafuta mtu wa kumsalimia.

Nikavua changu, nacho tukakitoa kishikizo, nikakiachia. Kikashuka moja kwa moja mpaka chini, nge wake akiwa ametulia vilevile.

Nikasema labda ni uzito wa nge. Foleni nzima ikacheka, na mimi nilijua nimesema upumbavu kabla sijamaliza.

Mama Tshala akatoa sindano ya kushonea, akaichoma kwa kiberiti, akagusa kidani chake pembeni. Harufu ikatoka nzuri, kama ubani wa kanisani. Kisha akagusa changu. Wakuu, mmewahi kusikia harufu ya beseni la plastiki lililosahauliwa juu ya makaa?

Watu wakapiga makofi. Mama Tshala akaanza kucheka kwa mara ya kwanza.

Mireille peke yake hakucheka. Akasema, "Mama, tusifurahi bado. Kuna kipimo kimoja kimebaki."

Jirani yangu ni dada wa kupaka kucha. Mireille akaenda kuomba pamba yenye dawa ya kutolea rangi. Akaibandika upande wa nyuma wa kidani cha Mama Tshala, akasubiri kidogo, kisha akamwambia aguse.

Kidole kikanata.

"Haiko plastic, Mama," Mireille akasema taratibu. "Ni utomvu wa miti wa kweli. Lakini haiko kaharabu. Ni copal. Bado kichanga, haijafika mamilioni ya miaka. Kaharabu haiwezi kunata hivi."

Copal ndiyo sandarusi, wakuu.

Mama Tshala akakaa kwenye kiti cha wateja. Aliyemuuzia online alimwambia vimetoka bahari za kaskazini huko Ulaya. Akakinusa tena, muda mrefu.

"Ile harufu minaijua," akasema, akimkumbuka babu yake. "Tate wangu alitokaka Sankuru, kule Kasai. Alikuwa anasema kule bantu banaokota hii mu pori, banawasha usiku juu ya kuona. Sasa mie nililipa avion, ndege nzima, juu ya kuniletea taa ya tate wangu?"

Mireille alimwambia kwa pamba ya kucha huwezi kujua kitu kimetoka nchi gani. Lakini sote tulikuwa tumeshaanza kucheka, na yeye Mama Tshala alicheka mpaka akafuta macho. Sina hakika machozi yote yalikuwa ya kicheko.

Aliyonifunza baada ya hapo ndiyo yaliyonifanya niandike uzi huu.

Hajafika hata nyumbani, akaandika kwenye grupu mwenyewe: "Nilisema ambre. Haiko ambre, ni copal. Sikujua. Mwenye anataka kurudisha, arudishe." Basi. Walirudisha wawili.

Mimi jioni ile nilikaa kutunga maneno: "Kufuatia hitilafu ndogo ya kitaalamu katika maabara..." Mke wangu akasoma begani kwangu.

"Maabara gani? Glasi yangu?" akasema. "Ule mama ulimuita mwizi na maherufi makubwa. Na pardon uandike na maherufi makubwa."

Nikaandika. NILIKOSEA. MAMA TSHALA SI MWIZI. MIMI SI EXPERT. Vidole gumba vilikuwa vinne, kimoja cha mke wangu.

Kesho yake nikaenda kwa miguu hadi kwa mama wa bibi harusi, nikamweleza kila kitu. Alinisikiliza vizuri, akanipa hata maji ya kunywa. Kisha akasema, "Papa, fundi mwingine ameisha kukata bitambaa."

Hapo ndipo nilipoelewa. Ujumbe unaweza kuufuta. Kitambaa kikishakatwa kimekatwa.

Nikaenda kwa Mama Tshala kumwambia nimeshindwa. Hakunifukuza. Aliendelea kukanyaga cherehani, akasema bila kuniangalia, "Utanichapia etikete. Andika: Copal. Myaka yake hatujue."

Nilichapa lebo mia, bure. Alizisoma moja moja, akakuta kosa la herufi, akanirudisha nikachape upya mia nyingine. Siku hizi anauza hivyo vidani kwa jina lake halisi, na wateja wa nguo wamerudi mmoja mmoja. Wale wa harusi hawajarudi.

Nilichojifunza, wakuu. Kipimo kimoja hakitoshi, na sindano ya moto usiitie kwenye mali ya mtu bila ruhusa, inaacha kovu. Mdudu akiwa mzuri kupita kiasi, mshuku. Kama pesa ni nyingi, peleka kwa watu waliosomea. Na kabla hujaandika jina la mtu hadharani, mwite kwanza aje aone unavyopima. Hiki ndicho kipimo nilichoruka.

Wiki iliyopita kijana mmoja wa kampasi aliniletea jino la papa, kubwa, jeusi, zuri. Foleni ikasogea kunisikiliza.

Nikaligeuza, nikamrudishia. Nikasema, "Sijui."

Akaniangalia kwa huruma, kama mtu aliyeambiwa daktari wake ni muuza mkaa. Nikamwelekeza kwa Mireille, kisha nikaendelea na fotokopi.

Wewe uliyewahi kununua kisukuku mtandaoni, tuambie ulijuaje kama ni halisi. Na kama hukujua, usione haya kuandika. Nadhani ndio tulio wengi.