Haiume, Papa

Kwenye shule ya binti yangu, wasichana wote wanasukwa modeli moja kila wiki. Ijumaa mwalimu anaichora kwenye ubao, mistari ya kwenda nyuma ama ya kupanda juu, na Jumatatu mutoto asiyesukwa vile anarudishwa nyumbani. Mama yake alipokuwa hai sikujua hata kama kuna modeli. Niliona tu mutoto ametoka mupya.

Alipokufa, mudogo wake, yule mutoto anamuita mama mudogo, alinikalisha pembeni pale matanga.

— Shemeji, mutoto mwanamuke atakomaa na mwanaume peke yake namna gani? Nani atamusuka?

Nilichukia. Lakini alisema bila matusi, lazima niandike hivyo, na nyumba yake ya Mbunya ilikuwa imejaa ndugu waliokimbia vita ya Djugu, na bado alisema nafasi iko. Tukapatana nijaribu kwanza. Siku shule itamurudisha juu ya nywele, yeye atamuchukua.

Mimi nafungaka mizigo juu ya malori ya kwenda Boga. Vidole vyangu vinajua kamba. Lori ikichelewa, nilikaa nasuka nyuzi za gunia, na wenzangu wakapata kicheko.

— Papa kwafere, musuka-nywele wetu, na mie unisuke, naenda ku ndoa!

— Umukaze muzuri, asiangushe kichwa mu njia!

Nilicheka nao. Pengine nilikuwa najivuna kidogo, sijue.

Siku ya Mungu, kisha misa, mutoto aliketi kati ya magoti yangu na kopo ya mafuta mukononi. Nilikaza. Kamba ikilegea, gunia linaanguka. Na mutoto naye anacheza, analala, mistari inafunguka mbele ya wiki kuisha. Kila mustari nilimuuliza:

— Inauma?

— Haiume, papa.

Machozi hakuna. Jumatatu mwalimu alimupitisha. Wiki iliyofuata pia, na zingine kisha ile. Nikaanza kufikiri labda mwanaume anaweza.

Halafu mama mudogo akaja kutusalimia na sahani ya sombe, majani ya muhogo. Alimuvuta mutoto karibu na mulango, kwenye mwangaza. Kwenye paji la uso kulikuwa tupele tweupe, na juu ya masikio nywele zilikuwa zimetoka na mizizi. Akaanza kufungua bila kuniuliza.

— Shemeji, hii ni kichwa ama ni gunia?

— Mwalimu alikubali modeli.

— Nauliza kichwa, siulizi modeli.

— Nilimuuliza kila mara. Anasema haiume.

— Na angesema inauma, weye ungefanya nini? Si ungemuleta kwangu? Mutoto anajua.

Mutoto alimuangalia, akaniangalia, akasema upesi:

— Haiume, papa.

Hakuna mutu aliyekuwa amemuuliza.

Tulipatana juu ya shule, na shule haikumurudisha. Ningeweza kusema hivyo, na ingekuwa kweli. Nilikunja nguo za mutoto mwenyewe. Alilia mpaka kule barabarani, yeye ambaye hakulia hata mara moja kati ya magoti yangu, na mama mudogo alimubeba mugongoni ingawa amekuwa muzito. Nilimuchukia yule mwanamuke siku ile. Sioni alikosa wapi.

Sasa nywele za pembeni zimeota. Kule wanamusuka bila kukaza. Mistari ikifunguka katikati ya wiki, wanasuka tena, mikono iko mingi. Juu ya mutoto kurudi kwangu, mama mudogo hasemi, na mie sisemi. Naogopa jibu, ama labda naogopa kwamba nitakaza tena.

Siku ya Mungu iliyopita nilienda kumuona mutoto. Nikamuuliza kama anakula, kama analala muzuri kati ya wale watoto wote.

— Niko muzuri, papa.

Alijibu upesi. Nilimuangalia machoni, na sikuweza kujua.